Skii au ubao wa theluji: kipi kimfae mtu wa Pwani anayeanza?

Fundi wa Kizingo anauliza:

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Dada yangu ameolewa Innsbruck, nchini Austria, naye ameahidi kunilipia mafunzo ya juma moja mlimani mwezi Januari. Ameniachia nichague kati ya skii, yaani mbao mbili nyembamba zenye fimbo zake mbili, na snoubodi, ambayo ni ubao mmoja mpana unaofungiwa miguu yote miwili. Theluji sijawahi kuikanyaga, ila ubao wa kuvutwa kwa tiara ninaumudu vizuri pale ufuoni Nyali. Nimepita miaka arobaini, na kwa kuwa mimi ni mshonaji, mikono ndiyo riziki yangu. Mwenye ujuzi anishauri.

Binti Ganjoni:

Wa alaykumu salaam, kaka. Kwa juma moja, chagua skii. Mwenye skii huelekeza uso kule anakokwenda, miguu yake iko huru, na siku ya kwanza hufundishwa kuzikutanisha ncha za mbele na kuzitanua za nyuma, umbo ambalo humpunguzia mwendo hata kama hajui kitu kingine. Mwenye ubao husimama ubavu, huteremka ama kwa ukingo wa visigino ama kwa ukingo wa vidole, na akikosea kidogo tu ukingo wa upande wa bondeni hunasa theluji naye akabwagwa chini ghafla. Akianguka chali huumia kifandugu; akianguka kifudifudi hutanguliza mikono, na ndiyo maana kuvunjika kifundo cha mkono ni jeraha linalojulikana sana miongoni mwa wanaoanza ubao. Mshonaji na alipime hilo. Ni kweli kwamba anayevumilia siku hizo za mwanzo husonga mbele upesi, ilhali wa skii huchukua muda mrefu kutoka kwenye umbo lile la mwanzo hadi kuteleza miguu ikiwa sambamba, lakini wewe huna muda huo.

Nahodha Mstaafu:

Bibi amesema vyema kuhusu mikono, ila magoti ameyaruka. Buti la skii ni gumu, limembana mtu hadi kwenye muundi, na ule urefu wa skii huwa kama wenzo: ikinasa upande mmoja na mwili ukaenda upande mwingine, goti ndilo linalopinda, na kano zake zikikatika, kupona ni kazi ya miezi mingi. Vibanio vya skii hutengenezwa viachie mguu mtu anapoanguka, lakini haviachii kila mara. Vya ubao haviachii kabisa, ila kwa kuwa miguu imefungwa pamoja, goti halisokotwi vile, na buti lenyewe ni laini. Kinga za vifundo vya mikono nazo zipo, zitumie.

Kuhusu tiara, nakutahadharisha. Kusimama ubavu umekuzoea, lakini baharini hulemea mguu wa nyuma, na juu ya theluji anayelemea nyuma hupoteza usukani. Kwenye tambarare, tena, mwenye ubao hulazimika kuufungua mguu mmoja na kujisukuma, huku wa skii akimpita kwa fimbo zake.

Mwalimu Tudor:

Niongeze kwamba michezo hii haijawahi kuwa na hadhi sawa. Skii ya kushuka mlima iliingia Olimpiki mwaka 1936, ubao ukangoja hadi Nagano 1998, michezo ileile ambamo Philip Boit alishindania Kenya katika skii ya masafa. Hadi leo Alta na Deer Valley huko Utah, pamoja na Mad River Glen huko Vermont, haziruhusu ubao milimani mwao, jambo ambalo kwangu ni ukaidi mtupu, hasa baada ya Ester Ledecká wa Ucheki kutwaa dhahabu kwa skii na kwa ubao katika michezo ya PyeongChang, 2018. Huko huko Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwa skii.

Fundi wa Kizingo:

Nawashukuru nyote. Nitachukua skii. Je, ule ugumu wa vibanio hupangwa na nani?

Nahodha Mstaafu:

Hupangwa na fundi wa duka la kukodisha, kwa kuangalia uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na kiwango chako. Mtajie uzito wako wa kweli na umwambie waziwazi kwamba hujui kitu, kwa sababu anayejisifu hukazwa zaidi, na mguu wake huchelewa kuachiwa.