MJADALA: Zabibu za Dodoma zilimwe kwa kilimo hai, au tutamfilisi mkulima?

Mleta mada (Mpunguzi, Dodoma)

Mbukwenyi wakuu.

Juzi kwenye kikao cha wakulima kijana mmoja alisimama akasema zabibu zote za Dodoma zilimwe kwa kilimo hai, dawa za viwandani zipigwe marufuku, mvinyo wetu uuzwe kwa sifa hiyo. Mzee mmoja akamjibu, "Mwanangu, ubwiri hausomi cheti." Ubwiri ni ule ugonjwa wa ukungu unaofunika zabibu kama majivu. Kikao kikavunjika bila muafaka, ndiyo maana nauleta ubishi huu hapa.

Msimamo wangu: nataka dawa zipungue, tena sana. Ila tukianza na marufuku tumeanza na mkia.

Kwa wasioijua kazi hii, Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, kisha Agosti hadi Septemba. Hakuna baridi ya kuulaza mzabibu, sisi ndio tunauamsha kwa mkasi wa kupogolea. Zao la mvua linanyweshwa na Mungu, lakini unyevu haukauki shambani, ubwiri unapanda, na bomba la mgongoni halishuki. Zao la kiangazi linataka dawa chache, lakini linakunywa maji ya kisima katika mkoa unaopata milimita kati ya 500 na 600 tu za mvua kwa mwaka. Sasa mtu akiniambia "rafiki wa mazingira" namuuliza: rafiki wa udongo au wa maji?

Tena kilimo hai si kulima bila kupuliza. Salfa ya unga, hiyo hiyo wanayopuliza wenzetu wa korosho kule Mtwara, inaruhusiwa. Kopa, yaani dawa ya shaba ya kuzuia ukungu, nayo inaruhusiwa, na kopa haiozi, inajikusanya kwenye udongo mwaka hadi mwaka. Ulaya wameiwekea kikomo cha kilo 28 kwa hekta ndani ya miaka 7, na kikomo hicho kinawabana hata wa kilimo hai.

Msimu uliopita nilijaribu kitu. Mstari mmoja wa zabibu za aina ya Makutupora nyekundu niliuondolea majani yanayofunika vichala, upande wa mashariki peke yake, jua la asubuhi liingie. Upande wa magharibi niliyaacha, jua la saa tisa linababua matunda. Mstari wa jirani sikuugusa. Baada ya wiki tatu nikainua jani kwenye ule ambao sikuugusa, nikakuta majivu meupe yameganda hadi kwenye vikonyo, punje zimeanza kupasuka. Kwenye ule uliopunguzwa nilitafuta sana nikapata vichala viwili vyenye ubwiri. Salfa niliyopuliza ilikuwa ile ile. Ni mstari mmoja, najua, lakini nimeuona kwa macho yangu.

Nawasilisha.

Mchangiaji (Hombolo)

Mkuu, umeongea vizuri ila umeruka bei. Mimi napeleka zabibu kiwandani, zinapimwa uzito na sukari, basi. Hakuna aliyewahi kuniuliza nilipuliza nini. Kibarua wa kupunguza majani ekari nzima anataka hela mkononi, na kopo la dawa ni rahisi kuliko yeye. Nikiacha dawa, zabibu zikaoza, hasara ni ya watoto wangu. Leteni bei tofauti kwanza, ndipo mje na kilimo hai.

Mchangiaji (nafanya kazi kwenye usindikaji)

Naomba niongeze la upande wetu. Salfa ikipulizwa karibu na mavuno inabaki kwenye punje, hamira ya kuchachusha mvinyo inaigeuza, na pipa zima linanuka mayai viza. Kwa hiyo kuacha kupuliza mapema ni faida ya kiwanda pia, kiwanda hakiwezi kusema hayo ni mambo ya mkulima. Na makapi je? Tukishakamua mchuzi wa zabibu yanabaki malundo ya maganda na mbegu. Nimeona yakimwagwa korongoni yanachacha, inzi kila mahali. Yale yakichanganywa na samadi yakaiva vizuri ni mbolea, yarudi yalikotoka.

Mleta mada

Ndugu wa Hombolo, hapo kwenye bei umenishika, sibishi. Cheti pia kina gharama, ingawa alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki inaruhusu wakulima wa kikundi kukaguana wenyewe, na hiyo ni nafuu kuliko kumleta mkaguzi kutoka nje. Lakini hata bila cheti, kupuliza kwa kuangalia jani badala ya kupuliza kwa kalenda kunakupunguzia makopo leo, kiwanda kilipe kisilipe.

Ndugu wa usindikaji, la makapi limeniingia. Gari linalotuletea kreti tupu linaweza kurudi na makapi. Nitalipeleka kwenye kikao.

Kuna jambo moja halijaguswa na linaniuma: nguzo za kushikilia mizabibu. Mchwa wanazila, tunarudi mlimani kukata miti mingine, kila baada ya misimu michache. Tunagombana juu ya salfa huku kilima cha nyuma ya shamba kinabaki mawe. Aliyejaribu nguzo za zege, au aliyepanda miti yake mpakani mwa shamba, aseme ilimgharimu kiasi gani kwa ekari na zimedumu miaka mingapi.