Jibu kwa dada wa Wete: mtihani wa leseni ya kufundisha sayansi Marekani

Assalamu alaykum dada yangu,

Umeniuliza ujiandae vipi kwa mtihani wa leseni ya kufundisha sayansi Marekani, nami nakujibu nikiwa likizo hapa Chake Chake, Pemba. Marekani haina baraza moja la mitihani kama tulivyozoea NECTA, kwani kila jimbo hutoa leseni yake. Ingawa majimbo mengi hutumia mitihani ya Praxis inayotungwa na ETS, shirika la mitihani la Marekani, Texas ina mitihani yake ya TExES na California ina ya CSET. Hata wanaotumia Praxis hawalingani katika alama ya kufaulu, maana matokeo hutolewa kati ya 100 na 200 na jimbo ndilo huamua pa kukatia. Kwa hiyo usinunue kitabu wala usilipe ada kabla shemeji hajajua kwa yakini mtaishi wapi.

Ukiruhusiwa kuchagua, fanya mtihani wa somo moja, biolojia au kemia. Mtihani wa sayansi ya jumla unaunganisha fizikia, kemia, biolojia na sayansi ya dunia na anga, na sisi tuliogawanywa kwa michepuo tangu kidato cha tano hujikuta na mapengo. Lililonikwamisha mimi ni hilo la mwisho, kwa sababu kwetu miamba na mikondo ya bahari hufundishwa katika jiografia, nami jiografia niliiaga kidato cha nne.

Hata hivyo, mengi unayajua kwa macho. Mvuvi yeyote wa Wete atakwambia kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Mtihani unataka useme kwamba wakati huo jua, mwezi na dunia vimekaa mstari mmoja, hivyo mvuto wa jua huongezea ule wa mwezi. Tahadhari na jina lake la Kiingereza, "spring tide", ambalo lina neno lilelile la majira ya machipuko, "spring". Mimi, mtoto wa pwani, nililijibu swali hilo kana kwamba bamvua huja mara moja kwa mwaka! Mfano mwingine ni popo wa Pemba, asiyepatikana kwingine duniani: mkondo unaotutenga na bara una kina cha mamia ya mita, kwa hiyo bahari iliposhuka enzi za barafu Unguja iliungana na bara na Pemba ikabaki peke yake. Ukielewa namna utengano huo unavyozaa spishi mpya, maswali ya mageuzi ya viumbe yatalainika.

Katika maswali ya kuchagua hukatwi alama kwa jibu baya, basi usiache hata moja wazi.

Kuhusu nyaraka, jina la usajili lazima lifanane na la kitambulisho utakachoingia nacho, jambo linalotusumbua sisi ambao paspoti ina jina la babu na cheti hakina. Shahada nayo itahitaji kutathminiwa, na mara nyingi watathmini hutaka matokeo yatumwe na chuo chenyewe, si kwa mkono wako. Nenda mwenyewe chuoni Tunguu ukalimalize hilo kabla hujasafiri, kwa kuwa kulifuatilia kwa simu kutoka ng'ambo kulinichukulia miezi.

Daftari langu la sayansi ya dunia nimekuja nalo. Mtume kijana alichukue kabla ya Alhamisi, kwani Ijumaa ninaondoka.