Naomba ushauri: kanuni za nidhamu kwa vijana wa bustani wanapokuwa kwa wateja

Ndugu zangu, heshima kwenu. Nina kampuni ndogo ya kutunza bustani hapa Dar es Salaam, yenye vijana 11 katika makundi matatu, na tangu tuanze tumekwenda kwa maelewano ya mdomo tu. Mwezi uliopita kijana wetu alifyeka kwa mashine nyumbani kwa mteja akiwa na kandambili, bila miwani, muziki wa simu ukipiga mfukoni; jiwe likaruka likapasua kioo cha gari lililoegeshwa kando ya ukoka. Nilimlipa mteja, nami nashukuru halikuwa jicho la mtu.

Sasa naandika kanuni. Suala la viatu na miwani ni jepesi, kwa kuwa kuwapatia ni wajibu wangu. Kinachonitatiza ni fidia, maana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka mfanyakazi akubali makato kwa maandishi, aelezwe sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Je, niweke kifungu hicho, au onyo la maandishi linatosha?

Zaidi ya hapo, msimamizi wa kundi ni rika lao: atamwandikiaje onyo mwenzake anayekula naye sahani moja? Na mteja anapomtuma kijana dukani katikati ya kazi (hutokea mara nyingi kuliko mnavyodhani), amjibu nini bila kumvunjia heshima?