Naomba ushauri: oili ipi ya sintetiki inafaa kwa injini ya 1NZ-FE?

Ndugu wajuzi wa magari, salamu. Ninaendesha Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE hapa Dar es Salaam, na siku zote nimeweka oili ya 5W-30. Sasa fundi wangu anasisitiza nihamie 20W-50, kwa hoja kwamba joto la pwani huifanya oili nyepesi ishindwe kuilinda injini. Ninavyoelewa, namba iliyo kabla ya herufi W huonyesha jinsi oili inavyotiririka injini ikiwa ya baridi, na ya mwisho huonyesha uzito wake katika nyuzi 100 za Selsiasi, joto ambalo oili hulikaribia injini ikishapata joto lake la kawaida la kazi, gari liwe Tanga au Njombe. Kwa hiyo hoja hiyo hainiridhishi. Je, ipo sababu ya kweli ya kuongeza uzito wakati injini haili oili wala haivuji?

Linalonitatiza zaidi ni maandishi ya kwenye galoni. Nchini Marekani, tangu uamuzi wa mwaka 1999 katika mgogoro wa kampuni za oili za Castrol na Mobil, hata oili ya kundi la tatu (mafuta ya msingi ya oili hugawanywa kwa makundi), inayotokana na mafuta ghafi yaliyosafishwa kwa kina, huuzwa kama sintetiki, yaani iliyoundwa kwa kemia, na galoni nyingi hazitaji kundi. Je, alama ya API SP, kiwango cha ubora cha Taasisi ya Petroli ya Marekani kilichoanza mwaka 2020, yatosha kunihakikishia ubora, au kuna kingine cha kukagua kabla ya kulipa bei ya juu? Nitashukuru hasa kwa majibu ya mafundi waliowahi kuzifungua injini hizi.