Tupeane uzoefu: kwaya, skauti na ziara katika shule ndogo za kanisa

MamaWawili_Nakuru: Kijana wangu wa gredi ya nne amerudi jana na barua: kwaya, klabu ya kilimo ya 4-K na ziara ya Menengai, lile shimo la volkano, shilingi 1,500. Shule yenyewe ni ya mabati, kwaya hufanyia mazoezi kanisani. Nikajikumbuka Kisumu, tamasha la muziki ngazi ya mkoa, nimesimama mbele ya waamuzi na soksi nimeazima kwa jirani. Leteni yenu, mazuri na mabaya.

Mmaragoli_Halisi: Soksi za kuazima! Umenitonesha kidonda. Zetu zilikuwa za shule, ukishuka jukwaani unazivua zinarudi ofisini.

JaKondele: Kwaya ilikula masomo yetu. Tamasha likikaribia, hesabu hakuna. Na pesa za wazazi hazina risiti.

MwlMstaafu: Ndugu yangu, wamisionari wa Friends, yaani Quaker, walipofika Kaimosi mwaka wa 1902 walileta Biblia pamoja na kazi za mikono. Shule za kanisa huku kwetu hazijawahi kuwa za vitabu tu. Na 4-K ni Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya. Mtoto ajifunze kufanya.

JaKondele: Mwalimu, kwa heshima, kufanya tulifanya. Sukuma wiki ya klabu tulipanda na kunyunyizia sisi, ikaliwa nyumbani kwa mwalimu mkuu.

Nyar_Ahero: Hata kwetu.

PatroniWaZamani: Nimekuwa nikisoma kimya, lakini mmetaja Menengai. Nilifundisha shule ndogo ya kanisa Nakuru, nikiwa patroni wa skauti wadogo, wale Sungura. Tulipanda huko na watoto 42, walimu watatu. Pale ukingoni upepo unauma, na shimo lenyewe linateremka karibu mita 500. Tumegawa mikate, naeleza jinsi volkano ilivyobomoka ikaacha bonde lile, mara ukungu ukaingia. Nikapuliza filimbi. Wakapanga mstari. Nikahesabu 41. Nikarudia, 41.

Aliyekosekana ni mdogo wao wote, wa darasa la pili, mtoto asiyesema sana. Miguu iliniisha nguvu. Zile hadithi za watu kupotelea Menengai na kuchukuliwa na pepo, nilizozisikia tangu utotoni, zilinirudia zote. Mwenzangu akaanza kulia mbele ya watoto. Nikamwambia awapeleke garini, waimbe. Mimi na dereva tukashika njia ya kushuka kwenye mapango, yale watu huenda kufunga na kuomba. Niliita jina lake hadi sauti ikakauka.

Kisha tukasikia wimbo. Pangoni, akina mama wanne wamepiga magoti, na katikati yao Sungura wangu, skafu shingoni, anaimba sauti ya pili kama alivyofunzwa kwenye kwaya. Alisikia wimbo anaoujua, akaufuata. Kila mama alidhani ni mtoto wa mwenzake.

Nilimbeba mgongoni hadi juu. Jioni nilienda kwao mwenyewe, nikamweleza mamake kabla hajasikia kwa watu. Akaniangalia kwa muda, akasema, "Mwalimu, umekula?" Hapo ndipo nililia.

Nyar_Ahero: Woi. Mungu ni mwema.

Mmaragoli_Halisi: Huyo mama abarikiwe.

JaKondele: Pole mwalimu. Lakini walimu watatu kwa watoto 42, tena ukingoni pale? Huo ulikuwa uzembe.

MwlMstaafu: Mwenzako anafungua moyo, nawe unamhukumu!

PatroniWaZamani: Mwache, mzee, amesema kweli. Tulihitaji watu wazima sita au zaidi.

MamaWawili_Nakuru: Nimesoma nikiwa kazini, machozi yananitoka. Sasa wangu aende asiende?

Mmaragoli_Halisi: Aende. Mvalishe sweta nyekundu, ionekane hata kwenye ukungu.

Nyar_Ahero: Mwandikie nambari yako ya simu mkononi kwa kalamu. Jina usiandike, mtu akimwita kwa jina atamfuata.

JaKondele: Abaki. Menengai haiendi popote.

MwlMstaafu: Waambie walimu wawapange wawili wawili. Mwenzake ndiye atasema "hayupo" kabla mwalimu hajahesabu.

Nyar_Ahero: Wawili wawili si watapotea wawili?

MamaWawili_Nakuru: Nimelipa leo asubuhi. Nimeomba risiti, nimepewa. Nikaomba na nafasi kwenye basi, tunaenda pamoja.

JaKondele: Hapo sawa, dada. Beba filimbi.