Hadhi ya AEO ya forodha (mfanyabiashara anayeaminiwa na forodha), kuna mtu Mtwara kaipata?

Mkorosho_Tandahimba: Wakuu habari za saa hizi. Tunasafirisha korosho kupitia bandari ya Mtwara, msimu uliopita kontena letu lilifunguliwa kukaguliwa gunia kwa gunia meli ikatuacha. Nasikia ukiwa AEO TRA wanakuamini, ukaguzi unapungua. Inafaa kuhangaikia au ni makaratasi tu?

Mzee_wa_Shangani: Inafaa mkuu, ila usidhani ukiipata hukaguliwi tena, wanapunguza tu na wanakupa kipaumbele. Utaratibu wenyewe umetokana na SAFE, mwongozo wa Shirika la Forodha Duniani wa 2005 kuhusu usalama wa mizigo, ndo maana wanaangalia usalama wa mzigo toka ghalani mpaka melini, sio kodi peke yake. Wanatazama rekodi yako ya forodha, mahesabu, uwezo wa kifedha, alafu ulinzi.

Binti_Ligula: Hapo kwenye ulinzi ndo wengi tunakwama jamani. Sisi tulijikagua wenyewe kwanza, tukakuta daftari la getini mlinzi kaandika "gari limeingia" basi, hamna namba ya gari wala jina la dereva 😂 na sili za kontena ziko kwenye droo haina hata kufuli!! Anza na hivyo kaka, kila sili iandikwe nani kaichukua na imefungwa kontena gani.

Mkorosho_Tandahimba: Duh, droo yetu nayo haina kufuli. Na wakala wetu wa forodha je?

Mzee_wa_Shangani: Naye aombe ya kwake, yako haimfuniki.