Kamera moja ya picha na video: Canon R50, Sony ZV-E10 au 80D ya mtumba?

Mwalimu_Bombo
Hamjambo wote. Nataka kununua kamera ya kubadilisha lenzi, moja tu, inifae kwa picha na kwa video. Nimezunguka Kampala Jumamosi mbili mfululizo, na sasa zimebaki tatu: Canon R50 mpya na lenzi yake ya 18-45, Sony ZV-E10 mpya na lenzi yake ya 16-50, na Canon 80D ya mtumba ambayo mwenyewe anaitoa na lenzi ya 18-135 na betri mbili. Kila muuzaji anasifu alichonacho. Nichukue ipi? Mwezi huu usiishe sijaamua.

Nakawa256
Mwalimu, bado hujatuambia kitu. Una shilingi ngapi? Utapiga nini, ndani au nje? Video za dakika tano au shughuli ya kutwa nzima? Kompyuta yako inaweza kuhariri 4K, ile video yenye nukta mara nne ya HD? Maiki unayo? Usipoyasema hayo, kila mtu hapa atakutajia kamera aliyo nayo nyumbani.

Kasese_Porini
ZV-E10 haina jicho la kutazamia, ina skrini tu ya nyuma. Mimi napiga wanyama upande wa hifadhi ya Queen Elizabeth, na rafiki aliniazima hiyo kwa siku tatu tulipokwenda Ishasha kuwatafuta simba wapandao miti. Jua la saa sita likiangukia skrini huoni kama fokasi imeshika jicho la mnyama au tawi lililo mbele yake. Tulimpata simba jike amelala juu ya mkuyu, miguu inaning'inia, tumekaa naye karibu saa nzima. Nilipofika nyumbani na kufungua picha, majani ya mkuyu yamekaa sawasawa, kila mshipa unaonekana, na simba ni ukungu. Sitanunua kamera isiyo na jicho. R50 inalo.

StudioYaMzee
Chukua 80D, mwanangu. Nina studio Arua tangu enzi za filamu, na nakuambia nilichokiona kwa mikono yangu. 80D ilitoka 2016, lakini fokasi yake kwenye video ni ile ya Canon iliyoanza na 70D mwaka 2013, inamfuata mtu taratibu bila kurukaruka. Betri yake moja inapiga picha zaidi ya 900. Hizi ndogo mpya betri zake ni kama biskuti, na huku kwetu umeme ukikatika jioni unarudi ukitaka. Ina tundu la maiki na tundu la hedifoni. Ina mwili wa kushikika. Hizo nyingine mkono wangu hauenei.

Nakawa256
Mzee, heshima yako ibaki palepale, lakini 80D haina 4K kabisa. Mtu ananunua kamera leo ya kukaa nayo miaka sita, unampa HD?

StudioYaMzee
Na wewe uniambie ni bibi harusi yupi aliyerudi kwako akidai 4K. Wanataka kwenye simu, WhatsApp. Hiyo 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula kama gigabaiti 45 kwa saa. Shughuli ya saa nne ni gigabaiti 180. Nani atakulipa kadi na diski ya kuhifadhia?

Nakawa256
Faida ya 4K ni kwamba ukihariri unaweza kuikata picha, ukavuta uso wa mtu karibu, na bado HD yako ikabaki safi. Kwa mtu anayepiga peke yake, hiyo ni kama kuwa na kamera ya pili.

DadaBusia
Mimi naomba kumtahadharisha Mwalimu kuhusu mtumba, na nitaeleza yaliyonipata kwa urefu kwa sababu sitaki mwingine apitie.

Mwaka juzi nilinunua Sony a6400 ya mtumba kwenye duka moja mjini. Safi, haina mkwaruzo, bei chini ya wengine wote. Nilipoiwasha, maandishi yote ya Kijapani. Muuzaji akaniambia, "Dada, lugha utabadilisha nyumbani, ni kuingia tu kwenye mipangilio." Nikaamini. Nikakaa nayo usiku kucha na programu ya kutafsiri ya simu, ukurasa baada ya ukurasa, hadi nikafika sehemu ya lugha. Haikuwa na nyingine ya kuchagua. Baadaye ndipo nilipojua kwamba Sony nyingi zinazotengenezwa kwa soko la Japani zinatumia Kijapani peke yake. Nilirudi dukani, wakasema mali ikitoka haipokelewi.

Nikasema basi, nitakariri alama. Na kweli nilikariri: hii ya picha, hii ya video, hii ya fokasi. Nikachukua kazi ya harusi Tororo, ndani ya ukumbi wa taa za mrija. Shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, niliiacha kamera ijichagulie yenyewe, ikakaa 1/60 ya sekunde. Kwenye skrini ndogo nikaona kila kitu kiko sawa. Nilipoiweka kwenye televisheni nyumbani nikaona mistari ya giza, mipana kama kiganja, inapanda taratibu usoni mwa bibi harusi, inafika kwenye shela, inapotea, inaanza tena chini. Saa mbili na nusu nzima. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde, na shata ya 1/60 hailingani nazo. Ningeweka 1/50 au 1/100 yote yangeisha, ni kugeuza gurudumu moja. Lakini sikujua, na mahali ambapo kamera ingenionya palikuwa pa Kijapani.

Nilirudisha nusu ya fedha. Mama wa bibi harusi hakunigombeza hata kidogo. Aliniuliza tu, "Hakuna hata kipande kimoja cha mwanangu akiingia?" Neno hilo bado linanikaa moyoni.

Kwa hiyo Mwalimu: kabla hujatoa shilingi, iwashe mwenyewe, ingia kwenye lugha, uone unayoijua. Na popote utakapopiga chini ya taa za umeme, 1/50.

FundiJinja
Pole sana dada. Hiyo 1/50 ni ya kuandika kwenye mkanda wa kamera.

Mimi naongeza la sauti. Mmebishana 4K na HD, lakini video ikiwa na picha ya wastani na sauti safi watu wanaitazama hadi mwisho. Sauti ikiwa ya pangoni wanaifunga. Kamera zote tatu zina tundu la maiki. Tundu la hedifoni liko kwenye ZV-E10 na 80D. R50 haina, maana yake waya wa maiki ukilegea katikati ya hotuba hutajua mpaka ufike nyumbani.

Mwalimu_Bombo
Samahani kwa kuchelewa, tulikuwa na mitihani. Nimejifunza mengi. Dada wa Busia, pole na asante.

Majibu: nina milioni tatu na nusu, na humo kila kitu kiingie. R50 wananiuzia milioni 3.1, ZV-E10 milioni 2.9, 80D milioni 2. Kazi ya kwanza ni kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, ya mdogo wangu wa kike, Luweero, mwezi ujao. Baada ya hapo nataka kurekodi masomo ya Kiswahili kwa watoto wa msingi, niwe nasimama mbele ya ubao peke yangu bila mtu wa kushika kamera. Tunaambiwa lugha ni rasmi, ya pili kikatiba tangu 2005, lakini mtoto wa darasa la nne hana pa kuisikia ikisemwa vizuri. Laptopu yangu ina RAM ya gigabaiti 8. Halafu nina lenzi ya Canon 50mm f/1.8 niliyoachiwa na marehemu mjomba.

Nakawa256
Mwalimu! Hiyo lenzi ndiyo ungeanza nayo. Inabadilisha hesabu nzima.

Kwenye 80D inaingia moja kwa moja. Kwenye R50 inahitaji adapta ya Canon ya EF kwenda R, na fokasi inafanya kazi kama kawaida. Adapta halisi niliipata laki nne na nusu, kwa hiyo 3.1 na hiyo tayari umevuka bajeti kabla ya maiki. Kwenye Sony utahitaji adapta ya kampuni nyingine, na lenzi kongwe za Canon fokasi yake pale kwenye video haitabiriki. Kumbuka pia kwamba kwa senso hizi ndogo (kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga) 50mm inaona kama 75mm au 80mm kwenye kamera ya filamu: nzuri kwa uso wa mtu, lakini chumbani utagusa ukuta kwa mgongo kabla hujapata ubao wote.

FundiJinja
Ni 50mm ipi? Ile ya STM ya 2015, yenye mota tulivu, au ile ya zamani iliyoandikwa II?

StudioYaMzee
Nami narudia 80D. Milioni 2, inabaki moja na nusu. Maiki ya kubandika kifuani, taa moja, stendi nzito, kadi mbili, na bado una nauli. Lakini nataka nikuambie la kwanjula, maana hilo hakuna kamera itakayokufanyia. Wanaume wako ndani ya kanzu nyeupe, safu nzima, na kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu zinatoka vizuri na nyuso zinakuwa giza. Pima mwanga kwenye shavu la mtu, ufunge hapo, kanzu ijitegemee. Na gomesi, yale magauni ya kina mama ya kung'aa, usizipige na flashi ya uso kwa uso, elekeza flashi kwenye dari. Kama ni turubai jeupe ni bora zaidi, linasambaza mwanga kama wingu.

Nakawa256
Kwa hilo nakubaliana na Mzee mia kwa mia. Na kwa kuwa flashi imetajwa: wengine watakushauri Canon 250D kwa sababu ni nyepesi na rahisi. Haina ile pini ya katikati juu ya kamera, kwa hiyo flashi za bei nafuu zinazoitegemea pini hiyo hazilipuki. Mdogo wangu aliligundua ukumbini.

Kasese_Porini
Bado nasema R50. Aanze bila adapta, akusanye pole pole. Kampuni kama Sigma zilianza kutengeneza lenzi za Canon ndogo kama R50 mwaka 2024, kwa hiyo mlango umefunguka.

DadaBusia
Kwa masomo ya ubaoni mimi ningempa ZV-E10. Skrini inageuka mbele, anajiona. Inachajiwa kwa pawabenki ya kawaida hata umeme ukiwa umekatika. Jicho la kutazamia ndani ya darasa halina kazi.

StudioYaMzee
80D nayo skrini inageuka mbele.

DadaBusia
Ni kweli Mzee, nilisahau.

Mwalimu_Bombo
Lenzi imeandikwa II. Na jana usiku niliimulika kwa tochi ili nisome vizuri, nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona. Ndani, upande mmoja, kuna nyuzi nyeupe nyembamba, zimetawanyika kama mizizi ya mche wa mahindi. Si vumbi, haifutiki. Mjomba aliishi Entebbe, lenzi ilikaa ndani ya mfuko wa ngozi kabatini miaka. Ndiyo kusema imekufa?

FundiJinja
Hiyo ni kuvu. Unyevu wa ziwa, giza na ngozi: ndiyo makao yake. Hapa Jinja naletewa kila mwezi. Haijafa. Ikiwa bado changa inafutika, lenzi inafunguliwa na vioo vinasafishwa. Ikiwa imeshakula rangi ya juu ya kioo, alama inabaki, na utaiona ukipiga kuelekea kwenye mwanga, weupe unatanda. Hiyo II pia mota yake ya fokasi inalia, maiki ya juu ya kamera itainasa. Tumia ya kifuani.

StudioYaMzee
Aiweke kwenye mchele. Mimi nafanya hivyo tangu zamani.

FundiJinja
Mzee wangu, kwa hili naomba tusikubaliane. Mchele una unga wake, na unga unaingia kwenye pete ya fokasi. Nimefungua lenzi nikakuta punje nzima. Zaidi ya hayo, kukausha hakuiondoi kuvu iliyokwisha ota. Kopo la plastiki linalofunga kabisa, na vile vifuko vya jeli ya silika vya kwenye viatu vipya, kumi au kumi na tano. Mfuko wa ngozi abaki nao kama kumbukumbu, lenzi isirudi humo.

StudioYaMzee
Lenzi zangu za mwaka 1998 hazina kuvu hata moja.

Kasese_Porini
Arua ni kukavu kuliko Entebbe, Mzee. Fundi, hivyo vifuko vikishashiba unyevu unavitupa au vinakaushika tena? Huku kwetu mvua za milimani hazikatiki, nami nina lenzi mbili kwenye begi nisizozigusa tangu mwezi wa tatu.

FundiJinja
Vinakaushika. Vianike juu ya sufuria kavu kwa moto mdogo kabisa. Usivichome, karatasi yake inaungua. Na hizo lenzi zako zitoe leo, zimulike kwa tochi kutoka nyuma.

Mwalimu_Bombo
Asanteni. Jumamosi narudi mjini na kadi yangu mwenyewe. Nitamwomba mwenye 80D tusimame ndani, chini ya taa za mrija, nirekodi dakika kumi kwa 1/50, kisha niende kwa R50 nifanye vilevile, nitazame zote kwenye laptopu. Fundi, lenzi ya mjomba nikikuletea Jinja, kuisafisha itachukua siku ngapi? Ningependa iwepo kwenye kwanjula. Mdogo wangu huyu ndiye mjomba alikuwa anampiga picha kila Idi.

Kasese_Porini
Nimemulika. Moja ni safi. Nyingine ina zile nyuzi.